Papa Léonard na roue yenye ilikuwa nguvu

Ijumaa tarehe 27 mwezi wa sita 2025, Papa Léonard Mumba anaingia mu retraite, anastaafu, nyuma ya miaka makumi tatu na ine ya kazi pa kituo chetu cha afya hapa Katuba. Hakuna kinga, ni kusema baiskeli, yenye ilitoka na kelele pa atelier yake ya matengenezo. Kelele ilikuwa yake mwenyewe, juu anaimbaka wakati wa kazi, na haimbake muzuri.

Alianza mwaka 1991 kama mulinzi wa mulango. Siku moja munyororo wa kinga ya docteur ulikatika mbele yake. Akaacha mulango, akautengeneza. Docteur alifurahi, lakini mbuzi mbili za jirani zilikuwa zimeingia mu pharmacie na kula makartoni. Kesho yake alitolewa pa mulango, akapewa atelier.

Papa Léonard hashikake funguo, ile spana yake, bila kusikiliza kwanza. Ananyanyua roue, gurudumu ya kinga, anaisukuma na kidole kimoja, anahesabu. Mizunguko makumi mbili: muzima. Chini ya kumi: mugonjwa. Sisi banamama ba kupima batoto uzito mu mitaa tulimuchekaka: "Papa, leo pouls ya kinga, mapigo ya moyo yake, iko ngapi?" Alitujibu: "Iko muzuri kuliko yenu, nyinyi benye kukimbia bila kunywa chai!"

Mwaka uliopita tulipokea kinga za kukunja, ndogo, zenye zinaingia hata mu bus. Mimi nilipata namba saba. Mutoto wangu Merdi alikuwa na miezi ine, na kinga ilinifikisha nyumbani Hewa Bora saa sita kumunyonyesha. Kwa miguu, singefika. Ningechagua: kazi ao maziwa ya mutoto.

Halafu roue ya nyuma ikaanza kukataa. Niliandika mu cahier, daftari ya kinga zetu: "Namba 7, roue ya nyuma iko nguvu." Madame Adolphine, mukubwa wetu, alisoma masomo yake Tanzania. Akaandika chini: "Hongera, iendelee hivyo." Wiki tatu nilikanyaga na jasho, Merdi akilia saa sita kwa nyanya yake. Mwisho nikasikia kama kinga yangu itapewa Jean-Claude, mwenye anafanyaka njia ya mbali ya Kasapa, juu ndiyo yenye nguvu kuliko zote!

Papa Léonard alisoma ile cahier, akacheka mpaka akakaa chini. Akaenda kwa Madame: "Kwenu nguvu ni afya. Kwetu huku, kitu kikiwa nguvu, kiko kigumu. Huyu mama analia, Madame, na weye unamupigia makofi."

Akageuza kinga kichwa chini mbele yetu wote. Akasukuma roue: ikazunguka mara mbili, ikasimama. Akafungua breki: mara mbili. Akatoa munyororo: mara mbili tena. Basi haikuwa breki, haikuwa munyororo. Akatoa roue yote, akazungusha ekseli na vidole, ikasaga sawa mashine ya mahindi. Akauliza: "Nani alifunga hizi ekru, hizi nati za roue?"

Ilikuwa mimi. Kila siku ya Mungu nilizifunga na funguo ya bwana wangu, kwa woga roue isichomoke na mizani ya batoto njiani.

"Mama Merdi," akasema, "ulifunga hii roue sawa mutoto pa mugongo wakati wa baridi. Lakini mutoto anapumua pembeni ya kitenge. Goroli za ndani ya roue zipumue wapi?"

Akasafisha goroli, akatia grisi, akarudisha ekru mpaka roue isitikisike na isibanwe. Akasukuma. Tulihesabu pamoja, na Madame Adolphine kati yetu: makumi mbili na mbili.

Namba saba ilibaki kwangu. Tangu ile siku, mu cahier hatuandike tena neno, tunaandika hesabu ya mizunguko. Na Merdi alinyonya kila siku saa sita, mpaka akaacha mwenyewe.

Mwenye atakamata ile atelier ajue: sisi banamama tutasimama pale na kuhesabu.

Papa Léonard, asante. Mama Huguette, muke wako, anakungojea nyumbani, umuimbie, atavumilia. Siku zako zisikuwe nguvu, vile sisi tunasemaka. Mungu azisukume na kidole kimoja tu, na zizunguke mpaka tushindwe kuhesabu.