Nguzo za Siku Nne

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, baba mmoja alikuwa akimsimulia fundi mwashi nyumba anayojijengea shambani. "Zege la juu ya mlango nimelimwaga mwenyewe. Siku ya nne nikang'oa nguzo za mbao zilizolishikilia, nikazitumia kujengea jiko."

Fundi akaweka pimamaji chini. "Kaka, kuku hulalia mayai siku ishirini na moja. Zege nalo ni hivyo hivyo, nguzo haziguswi kabla."

Yule baba akacheka. Mimi sikucheka.

"Juu ya zege hilo umepandisha tofali?" fundi akauliza.

"Kozi saba, mistari saba ya tofali. Kuna kaufa kadogo tu, nitakaziba na plasta."

"Nani yuko ndani?"

"Mama watoto na kichanga. Hushinda pale mlangoni, pana upepo."

Fundi akashusha sauti. "Mpigie simu ahame pale. Sasa hivi, ndugu yangu."

"Nyie mafundi mnatisha watu mpate kazi!"

Basi likasimama. Yule baba akashuka na mfuko wake wa saruji begani, bado anacheka, simu hakuitoa mfukoni.

Wazazi wenzangu, mwenye mtoto anayejenga amuulize nguzo zimekaa siku ngapi. Wangu naye anajenga; nilimpigia pale pale kitini. Mpaka naandika haya hajapokea.