Dastan Ishengoma, Miti ya Vyunguni na Mkasi Kutoka Sanjo

Mzee Dastan Ishengoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa nne kati ya saba wa Ta Mutalemwa na Ma Joviana, wakulima wa migomba na kahawa. Utotoni alichapwa kwa kosa moja tu lisilobadilika, nalo ni kukata matawi ya mibuni bila kutumwa. Ma Joviana alimkataza kugusa kisu mpaka msimu ambao mibuni aliyoiharibu Dastan ilizaa kuliko mingine yote. Msimu huo mama alimpa kisu chake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari mjini Bukoba hadi kidato cha nne mwaka 1970. Mwaka 1971 alijiunga na mafunzo ya kilimo Maruku, akahitimu mwaka uliofuata.

Alianza kazi ya bwana shamba wilayani Muleba mwezi Januari 1973, akastaafu mwaka 2011. Wakulima walimwita Bwana Mkasi, kwa kuwa mkasi wa kupogolea haukumtoka kiunoni, hata kanisani. Mwaka 1988 alikuwa msemaji wa ujumbe uliokwenda kupeleka posa ya mpwa wake. Wenyeji walikaa, wageni wakakaa, msemaji hakuonekana. Alikutwa nyuma ya nyumba, amevaa suti, akipogoa katikati ya mibuni iliyosongamana. Mwenye nyumba alimuuliza kama amekuja kwa binti au kwa kahawa. "Nimekuja kwa binti," Dastan alijibu, "lakini siwezi kumwozesha mtoto wetu katika shamba lenye hali hii." Posa ilikubaliwa, baada ya safu ya kwanza kukamilika.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na Bi Restituta, mwalimu wa shule ya msingi. Walijaliwa watoto watatu: Hellen, Jovita na Renatha. Baada ya kustaafu walihamia Ijuganyondo, mjini Bukoba, na huko ndiko alikoishi na jambo lililompa furaha kubwa uzeeni.

Jambo hilo lilianza mwaka 1998, nyumba kuukuu ya Ma Joviana ilipobomolewa. Katika ufa wa ukuta Dastan aliona mche wa omutoma, mti ambao wazee walitumia magome yake kutengenezea nguo. Mizizi yake ilikuwa imekumbatia matofali. Aliuchomoa na kuupanda katika sufuria ya Bi Restituta. Sufuria ilikuwa bado inatumika.

Kwa miaka kumi na sita aliupogoa mti huo, juu na mizizini, ukabaki na urefu wa mkono huku shina likinenepa kama la mti wa miaka mingi. Akaongeza mingine, ikafika arobaini na moja. Majirani walisema bwana shamba mzima anainyima miti chakula. Yeye hakujua kwamba kazi hiyo ina jina, hadi mwaka 2014, Hellen alipomwonyesha kwenye simu picha za miti ya Japani, akamweleza kwamba wenyewe huiita bonsai. Dastan akasema, "Kumbe kuna wagonjwa wenzangu."

Mti ule wa kwanza, wa Kamachumu, ulikuwa na dosari moja. Tawi nene kama kidole gumba lilitoka mbele ya shina na kuuharibu uso wake. Mkasi wa kahawa ungeacha kisiki, na kisiki kingevimba kuwa kidonda. Ulihitajika mkasi wenye midomo ya mviringo, unaong'ata ndani kidogo ya shina ili gome lifunike jeraha lote. Rafiki yake Hamidi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alimletea mmoja mwaka 2018.

"Hii Japani kabisa, Bwana Shamba. Tazama maandishi."

"Maandishi nimeyaona. Chuma ni cha wapi?"

Walijaribu kwenye tawi la mpera. Midomo ilipishana kama ya mtu aliyenuna. Hamidi aliurudisha mfukoni akisema labda mpera ndio wenye kosa.

Mwaka 2019 mikono ya Dastan ilianza kutetemeka, na daktari akasema ugonjwa huo unaitwa Parkinson. Dastan aliuliza swali moja: atabaki na miaka mingapi ya kushika mkasi?  Tangu hapo nyumba nzima ilijua anachotaka. Alitaka kulikata tawi lile kwa mkono wake mwenyewe, kabla mkono haujakataa.

Mwezi Juni 2021 Hellen, kwa msaada wa programu ya kutafsiri kwenye simu, aliandika moja kwa moja kwa karakana ya familia katika mji wa Sanjo, Japani. Fundi, Mzee Morikawa, alijibu kwamba hufua mkasi kwa oda, mmoja mmoja, na kazi huchukua miezi minane. Aliomba unene wa tawi, na mchoro wa mkono wa mtumiaji uliozungushiwa kalamu kwenye karatasi.

"Baba, miezi minane!" Hellen alisema.

"Mbuni nausubiri miaka mitatu. Mwandikie, nitasubiri."

Dastan alijichora mwenyewe. Kwa jinsi mkono ulivyotetemeka, mchoro ulitoka kama unyayo wa kiboko. Pamoja nao alituma kifurushi cha akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humpa mgeni atafune. Kwake, kumwagiza mtu kazi bila kumpa cha kutafuna kulikuwa utovu wa adabu.

Majibu yalikuja na mambo mawili. Kwanza, je, mteja huvaa glavu? Pili, fundi aliomba radhi: alizikaanga buni zile, akazisaga na kuzinywa, na familia yake haikuweza kumaliza kikombe. Dastan alicheka mpaka akaketi chini. Hellen aliandika kwamba zinatafunwa, na kwamba baba hana glavu, ana ugonjwa wa kutetemeka.

Bi Restituta aliamua kusahihisha mambo. Aliubana mkono wa mumewe mezani kwa kiwiko na kuuzungushia kalamu.

"Tulia, Baba Hellen."

"Nimetulia. Mkono ndio haujatulia."

Mchoro wa pili ulitoka safi, ukatumwa.

Mkasi ulifika posta ya Bukoba tarehe 9 Machi 2022. Mipini yake ilikuwa mipana na mizito kuliko yoyote waliyoiona kwenye picha, na Bi Restituta alisikitika kwamba fundi amekosea. Ndani ya boksi kulikuwa na barua. Mzee Morikawa aliandika: "Nimepokea michoro miwili. Wa pili ni mkono ulioshikwa na mtu. Wa kwanza ndio mkono utakaofanya kazi. Nimefuata wa kwanza." Aliongeza kwamba uzito ule ni wa kuutuliza mkono, na kwamba akamwani zilizobaki wanazitafuna wakifua.

Tarehe 19 Machi 2022, baada ya Misa ya Mtakatifu Yosefu, familia na majirani walikusanyika uani. Hamidi alitangaza kwamba mzee akikosea, kuni anazichukua yeye. Dastan aliuweka mkasi kwenye tawi. Mipini iliujaza mkono wake, na mkono ukatulia. Ulisikika mlio mmoja mfupi. Bi Restituta ndiye aliyeanza vigelegele, na Dastan akaomba wasiushtue mti. Mwezi Mei mwaka uliofuata gome lilikuwa limefunika jeraha lote.

Aliendelea kupogoa kwa miaka mitatu zaidi. Mwaka huu ugonjwa ulimzidi, na mwezi Juni akawa hainuki bila msaada. Binti zake walipojaribu mkasi ule waliuona mzito na mgumu kuuongoza. Julai alimwita Hamidi, ambaye mikono yake nayo imeanza kutetemeka, akampa mkasi pamoja na miti yote arobaini na moja.

"Mimi nauza misumari," Hamidi alisema. "Sijapogoa hata mchicha."

"Mkono unao tayari. Miti utajifunza."

Alimfundisha kila asubuhi kwa wiki tatu, akiwa kitandani, huku vyungu vikiletwa kimoja kimoja. Alifariki nyumbani Ijuganyondo Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Hamidi akiwa ameshika chungu cha kumi na tisa.

Marehemu ameacha mjane, Bi Restituta; watoto watatu; wajukuu saba; na mwanafunzi mmoja, Hamidi, aliyeomba itangazwe hapa kwamba vyungu ishirini na viwili vilivyobaki hajui avianzie wapi, na kwamba bwana shamba yeyote aliyepo msibani abaki kidogo baada ya mazishi.

Mungu aliyempa Dastan mikono ile aipokee, na aijalie pumziko lenye amani.