Risala ya Madereva wa Mikate Kuhusu Dirisha la Gari Namba Saba

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda chetu cha mikate, Bwana Meneja, waokaji, wafungaji na walinzi mliopo:

Sisi madereva na matingo wa zamu ya alfajiri tunakusalimu kwa heshima. Karibu, Mama, na uketi bila wasiwasi, kiti hicho tumekifuta mara mbili. Utuwie radhi sauti ya msomaji ikitetemeka. Risala tuliyoionyesha ofisini juzi ilikuwa na changamoto mbili tu, jua na vumbi. Hii tunayokusomea sasa haikuonyeshwa mtu. Tunaogopa, Mama, hatufichi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumekwisha kukiona kifo kikichungulia.

HISTORIA YETU

Kiwanda kilianza na magari mawili yaliyosukumwa kila asubuhi ndipo yawake. Leo magari yamejaa uani, na mkate unafika dukani ungali moto. Mwaka jana yote yalipambwa kwa picha yako: umeshika mkate, unatabasamu, macho yako yanatazama barabara. Tulipiga makofi. Picha hizo zilibandikwa kwa ndani kwenye madirisha ya ubavuni, yale ya nyuma ya viti vya mbele, na kwenye kioo cha nyuma, na hakuna aliyesema neno. Nani wa kumfunga paka kengele?

Mgeni rasmi, kila gari lina mahali dereva hapaoni, hata awe na macho ya mwewe. Ni pale nyuma ya bega, ambapo kioo cha pembeni hakifiki na jicho la mbele halifiki. Sisi tunapaita kwapani. Baiskeli ikiingia kwapani mwa gari, kwa dereva haipo duniani. Dawa yake ni kugeuza shingo na kuchungulia dirisha lililo nyuma ya utingo. Sasa tukigeuza shingo tunakutana na mgongo wa picha, mweusi ti.

CHANGAMOTO

Utaratibu unataka mafanikio yatangulie. Tunaomba yasubiri kidogo, kwa kuwa yamezaliwa na changamoto.

Yupo mwenzetu tunayemwita Kinyozi. Kabla ya kushika usukani wa gari namba saba alikuwa ananyoa watu, na mpaka leo akisalimiana na mtu humtazama kisogo kwanza. Tulizoea kumtania kwamba kinyozi hajinyoi. Naye, kama sisi sote, alikuwa amevigeuza vioo vyake vya pembeni kwa ndani. Kwenye foleni wezi hufungua mlango wa ubavu na kuchomoa kreti, na mkate ukipotea wa kuulizwa ni dereva. Basi kila mmoja wetu alitega kioo auone mlango wake. Mlango tuliuona vizuri sana. Barabara ndiyo hatukuiona.

Asubuhi moja ya manyunyu Kinyozi aliwasha taa ya kuhama njia. Akatazama kioo, mlango umefungwa salama. Akageuza shingo, giza. Akahama.

"Simama! Kaka, simama!" utingo wake alipiga ukelele.

Aliyegongwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye watoto, anapeleka nguo za watu kwa baiskeli. Alivunjika mguu, ule anaokanyagia cherehani.

Kinyozi alikwenda kumwona hospitali. Akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Ingia, kaka. Mbona wasimama?"

"Dada, nisamehe. Wallahi sikukuona."

Yule fundi akajiinua kwenye mto. "Wewe hukuniona. Lakini yule mama wa kwenye dirisha alikuwa ananitazama usoni kabisa, anacheka. Nikajua nimeonekana. Nikaendelea kukanyaga."

Mgeni rasmi, maneno hayo Kinyozi alituletea uani, na tangu hapo hakuna aliyeendesha kwa amani. Yeye ndiye aliyezidi. Mkewe anasema hata wakitembea kwa miguu hugeuka nyuma kila hatua, na ukimgusa bega huruka.

Siku ya tatu alikuja na wembe wake wa zamani. Akaketi kwenye usukani, akamsimamisha utingo nje na baiskeli, palepale kwapani.

"Sogea. Sogea tena. Hapohapo, usitikisike!"

Akainama nyuma ya kiti cha utingo, akakwangua karatasi kwa ndani, tundu la kiganja tu, mpaka uso wa utingo ukatokea. Kisha akashuka kutazama kazi yake. Tundu lilikuwa limeangukia jicho lako la kushoto.

Utingo alishika kichwa. "Kaka, umemtoboa Mama jicho!"

"Mimi nilikuwa ndani," alisema Kinyozi. "Kule ndani hakuna jicho. Ni giza tu."

Ofisi ikamsimamisha kazi. Kesho anaitwa mbele ya kamati kujibu shtaka la kumdhalilisha Mwenyekiti, na wapo wanaonong'ona kwamba ni uchawi. Mama, mtu huyu anaogopa kufukuzwa. Ana watoto wanne. Lakini alituambia jambo moja: anaogopa zaidi kurudishwa kwenye gari ambalo halioni.

MAFANIKIO

Tangu ajali ile tumevigeuza vioo. Kinyozi ndiye aliyetuonyesha, akiwa amekaa nje ya geti kwa kuwa haruhusiwi kuingia. Unaegemeza kichwa kwenye dirisha lako, unakisukuma kioo cha upande huo kwa nje mpaka ubavu wa gari lako ukaribie kutoweka. Kisha unainama hadi katikati ya gari na kufanya vivyo hivyo kwa kile cha upande wa utingo. Mwanzoni unajiona kama umevuliwa nguo, kwa kuwa mlango wako huuoni tena. Mlango sasa tumeutia kufuli. Pembeni ya vioo tumebandika vioo vidogo vya mviringo vilivyobinuka, vinavyokusanya barabara pana. Kabla ya kuondoka tunalizunguka gari, na tukirudi nyuma utingo hushuka. Shingo tunageuza hata pale tunapogeuzia giza.

Juma lililopita aliyepewa gari namba saba alitaka kuhama njia. Vioo vyote vilimwambia pako wazi. Akachungulia lile tundu, akaona sare ya shule. Akasubiri. Mtoto akapita na baiskeli yake akipiga mluzi, hajui lolote.

MAOMBI

Mama Mwenyekiti, gari lina bati la kutosha. Tunaomba picha yako ihamie kwenye bati, ipendeze huko, na kioo kibaki kioo. Tunaomba fundi cherehani apelekewe pole ya kiwanda, maana cherehani yake imenyamaza. Tunaomba Kinyozi asamehewe, arudi kazini.

La mwisho halihitaji kamati. Gari namba nane lipo hapo getini, picha yake nzima haijaguswa. Tunakuomba ukaketi kwenye usukani wake. Kinyozi atasimama kwapani, yeye mwenyewe, ameishika ile baiskeli ya fundi cherehani, ambayo bado imepinda. Tazama kioo, geuza shingo, utuambie kama unamwona. Usiogope, funguo tumezitoa. Yeye pale nje atainua macho dirishani, na atakuona unamtazama, unatabasamu.

Mungu akulinde njiani, Mama, akulindie na wale usiowaona. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Madereva na Matingo wa Magari ya Mikate,
Zamu ya Alfajiri.