Bingwa Aliyechelewa

Mwaka ule baada ya vita, Kagoya alipanda basi Jinja, Uganda, kwenda Mbale. Mbele yake Magidu, mwendesha baiskeli, alimsimulia jirani yake wa kiti, Nasimiyu, mchuuzi kutoka Kenya, mashindano yao ya baiskeli ya kufunga mwaka.

"Tulitoka watano, mama, mimi nikiburuta mkia kama kawaida yangu. Kwenye kizuizi cha barabarani, wenye bunduki wakawanyang'anya wenzangu baiskeli. Nilipofika, gari lao limejaa. Wakaniambia, 'Pita, mzee!' Nikaingia Buwenge, mwisho wa mashindano, peke yangu, bingwa wa mwaka!"

Kagoya alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Hukushinda, bwana. Ulichelewa tu," Nasimiyu alisema.

"Mbona waliowahi hawakufika?"

"Haya, bingwa. Mwakani utashindana na nani?" Nasimiyu aliuliza.

Kicheko kikamkauka Kagoya, akiwafikiria wale wanne wasio na baiskeli tena. Magidu akainuka kushuka, na basi likasimama Mbale.