Dada Aliyetundika Maneno Yake Ukutani

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alichelewa kusema. Mama anasimulia kwamba akitaka maji alichora kikombe sakafuni kwa mkaa, akakaa pembeni kusubiri.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 akahitimu chuo cha ualimu. Alifundisha hesabu miaka mingi. Darasani sauti yake ilifika mpaka barabarani. Mambo yake mwenyewe ndiyo yaliyomkwama kooni.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu wa maneno mengi. Tulimtania kwamba amepata wa kumsemea. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2009 jumba dogo la sanaa, lililo juu ya duka la vioo, lilimpa kuta zote atundike picha zake peke yake. Picha zilisimulia maisha yake kwa mfuatano kuanzia mlangoni. Tulipanda ngazi tukicheka, mpaka tukafikia kitanda cha mtoto kilicho kitupu. Ndipo sisi nduguze tulipojua kwamba aliwahi kupoteza mimba. Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Tangu hapo, kadi ya mwaliko ikifika, nyumba nzima ilipoa. "Haya, leo zamu ya nani?" Mama aliuliza, na hakuna aliyecheka.

Maonyesho ya tatu yalikuwa Mei 2021. Shemeji alitangulia kama kawaida yake, akiwaeleza wageni. Mbele ya picha ya mwanamke anayejipapasa titi akasema, "Huyu atakuwa mwalimu mwenzake. Mke wangu ana jicho, msimwone vile." Kisha akaliona pazia. Lilikuwa la chumba chao, lenye kiraka alichokishona yeye mwenyewe. Akageuka kumtafuta mkewe. Dada alikuwa mlangoni. "Nilishindwa kukwambia," alisema, "nikaona nikuchoree."

Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Sasa niseme linalotutia hofu. Ametuachia maonyesho ya nne. Picha zimeshatundikwa, zimefunikwa shuka, na alimwomba msimamizi wa jumba lile zisifunuliwe mpaka azikwe. Hakuna kati yetu aliyeziona. Shemeji hapati usingizi. Juzi kwenye kikao cha familia wengi tulitaka zishushwe kimyakimya. Mimi mwenyewe nilisema funika kombe mwanaharamu apite. Binti yake akatutazama. "Mama hakuweza kusema kwa mdomo," alisema. "Mkizishusha, mmemziba." Tulimgeukia shemeji, tukijua atahutubia. Alisema neno moja tu: "Zifunuliwe."

Ameacha mama, mume, binti, na sisi wadogo zake watatu. Maonyesho yatafunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi, na familia itatangulia kuingia. Mungu ampe pumziko lenye amani. Shemeji ndiye atakayevuta shuka la kwanza, na ameniomba nisimame karibu naye.