Vumbi Lililoitwa Jambo Dogo

Dada yetu, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na stesheni, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976, kisha sekondari hadi 1986, ambako alijulikana kwa kuwarudishia walimu mitihani waliyokosea kujumlisha, hata pale kosa lilipompendelea yeye.

Tarehe 2 Februari 1989 aliajiriwa katika kinu cha unga, akaanza kwa kushona magunia, na baadaye akawa mkaguzi, kazi ya kuchekecha na kutazama kile ambacho wengine hawakioni. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, ambaye hadi leo analalamika kwamba hata chai yake ilikaguliwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 kichujio cha mashine ya kunyonya vumbi kilitoboka, dada akaomba kibadilishwe, akaomba tena, hadi kwenye kikao cha Juni 2017 meneja akasema mbele ya wote kwamba mama huyu anawasumbua na "minutiae", watu wakacheka, naye akacheka nao kwa kuwa hakulijua neno. Jioni hiyo alimuuliza mdogo wake, mwalimu wa Kiingereza, ambaye ndiye anayesoma historia hii, akaelezwa kwamba maana yake ni mambo madogo madogo, kwamba limetoka katika neno la Kilatini la udogo, lililozaliwa na kitenzi cha kupunguza, na kwamba neno la Kiingereza la dakika ni ndugu yake wa damu, kwa kuwa dakika ni saa iliyokatwa vipande vidogo. Dada alikohoa, akasema kumbe bwana mkubwa amesema kweli bila kujua, maana vumbi lile ni dogo, na linampunguza kila dakika.

Alianza matibabu ya mapafu Agosti 2019, akafariki Jumanne, tarehe 11 Mei 2021. Kamati ya mazishi ilimwomba mwalimu aandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, aachane na mambo madogo madogo, kwa kuwa wakubwa wa kinu wamekaa viti vya mbele, naye amekataa, kwa sababu amekasirika, na familia nzima imekasirika. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mwiba huu waliudharau wao, tende ikaota mguuni kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopokezana kumkalisha kitandani ili apumue, na wafanyakazi wenzake, ambao ndio waliotuambia kwamba kichujio kipya kimefungwa juzi, siku moja baada ya kifo chake, na kwamba fundi alimaliza kabla chai ya saa nne haijapoa.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.