Mkomamanga wa Mama Halima

Kwetu mtaa wa Kasuku, Ijumaa baada ya sala, anayetaka kujua mambo ya mji haendi ofisini. Anakuja kwenye ubao. Ubao wenyewe ni mmoja, mrefu, umelazwa juu ya vipande viwili vya mataruma ya reli, ndani ya kiwanja cha Mama Halima anayetupikia kahawa, pale kiwanja kinapogusa barabara. Hatua tatu nyuma yetu ulisimama mkomamanga wake, mfupi, mkavu, bila jani hata moja tangu kiangazi. Mama Halima akipepeta mchele, vindege hutua kwanza juu ya matawi yale, vikatazama kama paka yuko, ndipo vikashuka kuokota chenga. Ijumaa moja panga liliegemezwa kwenye ubao, na sisi tulikuwa tumeahidi kuukata mti kabla ya jua kuzama.

Amri ilitoka kwa Amuri, mkuu wa seli ya Chama tawala mtaani. Kesho yake ilikuwa Salongo, ile kazi ya wote ya Jumamosi, na wakubwa wangepita. Kila mti uliokufa ndani ya kiwanja uwe umeondolewa. Atakayekaidi atafagia soko wiki nzima mbele za watu, na Mama Halima ana goti bovu.

Tulikuwa wanne. Asumani alifanya kazi ya reli miaka thelathini, tunamwita Treni. Zuberi, zamani karani wa mahakama, ni Artikle, yaani kifungu cha sheria. Sudi aliyekuwa akichemsha sindano za zahanati ni Sindano, na hata wajukuu wake wanamwita hivyo. Mimi kazi yangu ni kusikiliza, na ninaifanya vizuri.

TRENI — Basi tutoe hii muti, tumalize.

SINDANO — Toa wewe. Panga iko karibu na mukono yako.

TRENI — Mukono inaniuma.

Mama Halima alikuja na birika. Hakuketi.

MAMA HALIMA — Mukate hii muti, baba zangu. Lakini mungoje niingie ndani kwanza. Tangu Aziza aolewe kule Lubutu, nyumba imenyamaza. Asubuhi ile tundege njo inaniamsha. Nikifungua mulango inanitazama, inangoja mimi. Hakuna mwengine mwenye kuningoja.

Aliingia jikoni. Tulitazama vikombe vyetu. Mimi nilijisikia vibaya kweli, na nadhani wenzangu pia, kwa sababu ndipo kila mtu alipoanza kuwa na akili nyingi.

ARTIKLE — Ngoja. Amri inasema muti uliokufa. Nani ameandika kama hii muti imekufa? Muntu akikufa tunaenda kutafuta karatasi. Karatasi ya hii muti iko wapi?

TRENI — Iko mukavu kama kuni, Zuberi.

ARTIKLE — Na wewe uko mukavu. Tukuzike?

SINDANO — Mimi niko na dawa. Kesho alfajiri tunachuma majani ya matembele, tunafunga kwa kila tawi na uzi. Wakubwa watapita mbio na gari, wataona kijani, wataenda.

TRENI — Saa nne jua itayakausha, na wakubwa wanafikaka saa sita. Musikilize mutu wa reli. Behewa mubovu haubebi kwa mabega, unaisukuma polepole mupaka laini ingine. Tunang'oa muti, tunaisogeza hatua moja kila siku. Tundege haitaona kama inahama. Mwezi ikiisha, muti iko kwa jirani, na tundege pamoja.

SINDANO — Na jirani akifagia soko?

TRENI — Iyo ni mambo ya jirani.

Artikle alishusha sauti. Alipofanya hivyo mahakamani, walisema, hata hakimu aliinama mbele.

ARTIKLE — Iko njia moja ya sheria. Kila mwenye kuzaliwa Zaire iko memba wa Chama tangu tumboni. Ni kweli ao ni uongo?

SINDANO — Ni kweli.

ARTIKLE — Ile tundege ilizaliwa wapi?

SINDANO — Hapa hapa.

ARTIKLE — Basi. Nani ataweza kubomoa nyumba ya memba bila kumuhamisha kwanza?

"Munasema nini ya Chama?" Amuri alikuwa nyuma yetu, daftari kwapani, abakosti, koti la Chama, limefungwa mpaka shingoni.

ARTIKLE — Tunasema iko na watoto wengi, Citoyen.

Amuri, ambaye kama sisi sote siku zile hakuitwa Bwana ila Citoyen, yaani mwananchi, alijisukuma katikati yetu, akaketi. Yeye naye hunywa kahawa hapa kila Ijumaa. Aliona panga, akaona mti umesimama.

AMURI — Wandugu, munanitafutia maneno. Mimi sina chuki na ndege. Lakini kesho nitaulizwa. Nitajibu nini?

Wakati huohuo alifika mtu na baiskeli, gunia la mpunga nyuma. Alikuwa Bulaimu, mkulima wa Pangi, anayemuuzia Mama Halima mpunga lakini hajawahi kukaa nasi. Alishusha gunia, akasalimu kila mmoja, akapewa kikombe. Nafasi ya kuketi hakuona, basi akanywa amesimama huku Sindano akimweleza habari yote, matembele, behewa na memba.

BULAIMU — Nimesikia. Samahani wakubwa, mimi ni mutu wa shamba. Hii ubao munaikalia, iko muti muzima ao muti mufu?

Treni alipapasa ubao chini yake. Sindano, ambaye ana jibu la kila ugonjwa, aliinama kuchungulia chini yake. Amuri aliinuka, akageuka, akautazama ubao kuanzia ncha moja hadi nyingine. Umo ndani ya kiwanja, na ulikufa zamani kuliko mkomamanga. Kisha akaketi tena, taratibu.

Kwa muda ule wote tulionyamaza, kindege kimoja kilitua juu ya mkomamanga. Vikafuata viwili. Mama Halima alitokea mlangoni na ungo, akidhani kimya kile ni kazi imekwisha. Aliona matawi, akasimama.

AMURI — Kahawa iko?

MAMA HALIMA — Imebaki ya kikombe kimoja.

AMURI — Mupe mugeni.

Akafungua daftari juu ya goti, akaandika polepole huku Artikle akichungulia begani kwake. Mama Halima alimimina kahawa, akaokota panga, akalirudisha jikoni. Baadaye Artikle alitusomea kwa kichwa yale aliyoyaona, neno kwa neno, kama hukumu:

"Kiwanja cha Mama Halima. Miti iliyokufa: hakuna. Vya kukalia: viwili, cha wazee na cha ndege."